Roboti Isiyokwama Jumatatu: Mwongozo wa Kutengeneza RPA ya Kutegemewa

Kila wiki napokea ujumbe uleule kwa maneno tofauti. "Kaka, roboti yangu jana ilipiga kazi vizuri, leo imegoma na sijagusa kitu." "Roboti imeingiza malipo mara mbili, nafutaje?" "Kwenye kompyuta yangu inakimbia, kwenye seva haioni hata kitufe." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Roboti ninayoisema haina mikono ya chuma. RPA (kwa Kiingereza Robotic Process Automation) ni programu inayokaa mbele ya kompyuta kama karani: inafungua mfumo, inaingia kwa jina na neno la siri, inabofya, inanakili kutoka Excel, inabandika, inahifadhi. UiPath, Power Automate, Blue Prism, Automation Anywhere, hata Robot Framework ya bure, zote zinafanya kazi hiyo, na mwongozo huu utakufaa kwa yoyote uliyonayo.

Nitatumia kazi moja kama mfano kuanzia juu hadi chini, kwa sababu niliifanya mwenyewe na ikanifundisha kwa maumivu: kuingiza malipo ya ada. Shule binafsi, wazazi wanalipa benki au kwa simu. Kila asubuhi mhasibu anapakua taarifa ya akaunti ya benki, anamtafuta mwanafunzi kwenye mfumo wa shule, anaandika malipo, mfumo unatoa risiti. Ni kazi ya saa mbili au tatu. Wiki ya kufungua shule inakuwa ya kutwa.

Roboti yangu ya kwanza pale ilidumu siku tisa. Siku ya kumi umeme ulikatika ikiwa katikati ya kazi. Uliporudi nikaiwasha, nayo ikaanza upya kutoka mstari wa kwanza. Wazazi zaidi ya thelathini wakawa na risiti mbili mbili, na mmoja wao akapiga simu kwa upole kabisa kuomba hiyo ya ziada ihesabiwe kuwa ada ya muhula wa pili.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja tu. Chomoa waya wa umeme roboti ikiwa kazini, washa tena, kisha kagua hesabu. Zikiwa sawa, roboti ni nzima. Zikipishana, hata kama imekimbia mwezi mzima bila kosa, bado hujamaliza kuitengeneza.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye mfumo. Roboti inayoingia kwenye mfumo wa watu bila wao kujua itafungiwa siku mbaya kuliko zote.
- Akaunti ya roboti peke yake. Usitumie ya mhasibu. Siku ikitokea hoja ya ukaguzi, nani aliandika malipo yale saa tisa usiku?
- Mwanafunzi wa majaribio, au mfumo wa majaribio kama upo.
- Kompyuta isiyotumiwa na mtu mwingine wakati roboti inafanya kazi, yenye ukubwa wa skrini usiobadilika na maandishi kwenye asilimia 100. Iwe na UPS, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika.
- Jibu la swali hili: mfumo una API (mlango wa programu kuzungumza na programu nyingine bila kubofya skrini), au una sehemu ya kupakia malipo yote kwa faili moja? Kama upo mlango huo, upite. Roboti ya kubofya ni ya pale ambapo mlango haupo. Nimeona watu wakihangaika miezi miwili kufundisha roboti kubofya skrini ambayo kona ya kulia ina kitufe cha kupakia faili.

Kuhusu gharama: Power Automate ya kompyuta inakuja na Windows 11 na unaweza kuanza kujifunza bure, ila toleo la bure halitakuruhusu kuiacha ikimbie yenyewe bila mtu. UiPath nayo ina toleo la bure la wanaojifunza. Anza na ulichonacho.

Hatua ya 1: Keti nyuma ya anayeifanya kazi

Usimwombe akueleze. Mwombe afanye, wewe uangalie, siku tatu tofauti, na mojawapo iwe Jumatatu. Mhasibu wa shule ile aliniambia kazi ina hatua nne. Nilipokaa nyuma yake nikahesabu kumi na moja, na katika hizo mbili hazikuwa kwenye kompyuta. Akikuta malipo yenye jina la mzazi tu, alikuwa anachukua simu na kumwuliza mwalimu wa darasa: "Huyu mama fulani mwanaye ni nani?" Hatua hiyo hakuitaja kwa sababu kwake si kazi, ni mazungumzo.

Andika kila njia ya pembeni unayoiona. Malipo yasiyo na namba ya mwanafunzi. Mzazi aliyelipia watoto watatu kwa muamala mmoja. Aliyelipa hela ya basi kwenye akaunti ya ada. Kila moja lazima ipate jibu: roboti itaifanya, au itaiweka pembeni kwa ajili ya mtu. Kuiweka pembeni ni jibu halali kabisa, na kwa anayeanza ndilo jibu bora.

Hatua ya 2: Vunja kazi iwe muamala mmoja mmoja, upange foleni

Hapa ndipo roboti nyingi za wanaoanza zinapoharibika. Watu wanatengeneza kitanzi kirefu kimoja: fungua faili la Excel, soma mstari wa kwanza, ingiza, soma wa pili, ingiza, mpaka mwisho. Ikifia mstari wa 57, hakuna anayejua imefia wapi.

Tengeneza roboti mbili ndogo. Ya kwanza, mpakiaji, inasoma taarifa ya benki na kuweka kila malipo kwenye foleni. Haigusi mfumo wa shule. Ya pili, mtendaji, inachukua muamala mmoja kutoka kwenye foleni, inaumaliza, inaandika matokeo, inachukua mwingine.

Foleni inaweza kuwa ya kisasa kama ile ya Orchestrator, sehemu ya UiPath ya kusimamia roboti, au jedwali kwenye hifadhidata ndogo. Iwe na angalau safu hizi: namba ya muamala wa benki, tarehe, kiasi, namba ya mwanafunzi, hali, idadi ya majaribio, ujumbe wa kosa, namba ya risiti. Mimi natumia hali tano: MPYA, INAENDELEA, IMEKAMILIKA, IMEKATALIWA, IMEKWAMA.

Namba ya muamala wa benki iwe ya kipekee, na foleni yenyewe ikatae namba inayojirudia. Usiiachie roboti kazi ya kukumbuka, jedwali ndilo likatae. Hapo hata mtu akipakia taarifa ya jana mara tatu, foleni itapokea kila malipo mara moja.

Angalia: usitumie jina na kiasi kama utambulisho. Mama mmoja alilipa Sh 200,000 asubuhi na Sh 200,000 jioni ya siku hiyohiyo, kwa mwanafunzi yuleyule. Ni malipo mawili halali.

Hatua ya 3: Safisha data kabla haijaingia kwenye foleni

Hii hatua haina mbwembwe, lakini nusu ya ujumbe ninaopokea asili yake ni hapa, na mshukiwa wa kwanza siku zote ni Excel.

Chukua namba ya simu 255712345678. Ina tarakimu 12. Ukifungua faili la CSV (faili la maandishi matupu, data zikitenganishwa kwa koma) kwa Excel, inaiona kama hesabu na kukuonyesha 2.55712E+11. Ukihifadhi hilo faili tena kama CSV, kinachohifadhiwa ni hicho unachokiona. Namba imeshapotea, na hakuna kitufe cha kuirudisha. Namba inayoanza na 0, kama 0712 na kuendelea, sifuri yake inadondoka kimyakimya. Kwa hiyo roboti isome CSV moja kwa moja kama maandishi. Isipitie Excel. Na mwambie mhasibu asiifungue kwanza "kuangalia tu" halafu akahifadhi.

Tarehe ni mtego wa pili. Benki inaandika 03/04/2025 ikimaanisha tarehe 3 Aprili. Kompyuta yenye mipangilio ya Kimarekani inasoma tarehe 4 Machi, bila kulalamika. Inapofika 13/04/2025 haipati mwezi wa 13, basi inaiacha kama maandishi. Matokeo yake karibu siku zote 12 za mwanzo wa mwezi zinakosewa na zilizobaki zinaleta makosa ya aina nyingine, nawe unakaa unajiuliza kwa nini roboti inaugua kwa awamu. Iambie roboti waziwazi tarehe imeandikwaje, kisha ihifadhi kwenye foleni kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku: 2025-04-03.

Kiasi: ondoa koma, ondoa "TZS" na "/=", ondoa nafasi za mwanzo na mwisho. Kuna nafasi isiyoonekana inayotoka kwenye kurasa za mtandao ambayo kwa macho ni kama nafasi ya kawaida lakini kwa programu ni herufi nyingine. Ukiona namba mbili zinazofanana kabisa na roboti inasema hazifanani, ndiyo hiyo.

Muamala usiopita ukaguzi huu unaingia kwenye foleni ukiwa tayari IMEKATALIWA, na sababu yake imeandikwa. Usiutupe. Kila shilingi iliyo kwenye taarifa ya benki lazima ionekane kwenye foleni kwa hali yoyote ile.

Hatua ya 4: Roboti imtambue mtu kwa jina lake, isimtambue kwa kiti alichokalia

Kitufe cha "Hifadhi" kinaweza kutambuliwa kwa njia kuu tatu: mahali kilipo kwenye skrini, picha yake, au sifa zake za ndani, ambazo watu wa UiPath wanaziita selekta. Tumia sifa za ndani kila inapowezekana. Picha iwe ya dharura, mahali kwenye skrini kabisa usitumie.

Hata selekta zina ubora tofauti. Programu inapokurekodi ukibofya, inachukua kila kitu ilichokiona, pamoja na visivyotakiwa. Nilikuta roboti ya kijana mmoja imerekodiwa hivi: dirisha lenye kichwa "Malipo - Mwanafunzi 2041". Ilifanya kazi vizuri sana kwa mwanafunzi 2041. Sehemu inayobadilika weka nyota: "Malipo - Mwanafunzi *".

Ukiona selekta ina "idx" yenye namba kubwa, mfano 7, maana yake programu imeshindwa kukitofautisha kitufe hicho na wenzake, ikaamua kuhesabu: "cha saba kutoka juu". Siku mfumo ukiongeza kitufe kimoja juu, cha saba kitakuwa kingine. Kinaweza kuwa "Futa". Tafuta sifa nyingine, kama kitambulisho cha ndani au maandishi yaliyo jirani yake.

Hatua ya 5: Subiri kitu, usisubiri sekunde

Anayeanza akiona roboti inatangulia mfumo, anaweka "subiri sekunde 5". Mtandao ukiwa mzito anaongeza ziwe 10, kisha 20. Mwishowe roboti ni polepole kuliko mhasibu, na bado inakwama siku mtandao ukichukua sekunde 21.

Iambie isubiri kitu chenyewe: jina la mwanafunzi litokee, alama ya kuzunguka ipotee, kitufe kikubali kubofywa. Iwekee kikomo, mathalani sekunde 30 au 60. Kitu kikitokea baada ya sekunde moja inaendelea papo hapo. Kikomo kikifika, hilo ni kosa na linaandikwa.

Angalia hapa: usisubiri kitu ambacho tayari kipo. Ukimtafuta mwanafunzi wa pili wakati skrini bado inaonyesha wa kwanza, roboti itaona "jina limetokea" na kuendelea na mtoto asiye wake. Subiri namba unayoitafuta yenyewe ionekane kwenye skrini.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kuandika, thibitisha baada ya kuandika

Kama utaruka kila kitu kwenye mwongozo huu, hii usiiruke. Kwa kila muamala mtendaji afuate mfuatano huu bila kubadilisha:

1. Chukua muamala wa MPYA, uandike INAENDELEA kwenye foleni. Uandike kabla hujagusa mfumo.
2. Fungua ukurasa wa mwanafunzi, tafuta namba ya muamala wa benki kwenye orodha ya malipo yake.
3. Ikiwepo, malipo haya yameshaingizwa. Soma namba ya risiti, andika IMEKAMILIKA, nenda kwenye muamala unaofuata.
4. Isipokuwepo, soma salio la mwanafunzi, yaani ada anayodaiwa bado, kisha andika malipo. Namba ya muamala wa benki iwekwe kwenye kisanduku cha kumbukumbu, la sivyo mstari wa 2 hapo juu hautakuwa na cha kutafuta.
5. Kabla ya kubofya "Hifadhi", soma tena kilichoandikwa kwenye visanduku na ukilinganishe na foleni. Roboti inaweza kuandika 35000 mahali pa 350000 kwa sababu kisanduku kilichelewa kupokea herufi moja.
6. Hifadhi.
7. Soma namba ya risiti na salio jipya. Salio lazima liwe limepungua kwa kiasi kilekile.
8. Andika IMEKAMILIKA pamoja na namba ya risiti.

Sasa kata umeme kichwani mwako baada ya kila mstari. Ukikatika baada ya 1, muamala uko INAENDELEA na mfumo hauna kitu. Ukikatika baada ya 6, muamala uko INAENDELEA na mfumo una malipo. Foleni peke yake haiwezi kutofautisha hali hizi mbili, ila mfumo wa shule unaweza. Ndiyo maana roboti ikiwaka, kazi yake ya kwanza iwe kuchukua miamala yote iliyobaki INAENDELEA na kuipitisha kwenye mstari wa 2. Iliyokwisha ingizwa itakutwa, isiyoingizwa itaandikwa, na hakuna mzazi atakayepata risiti mbili.

Wanaotumia foleni ya UiPath wajue jambo moja: muamala ukikaa saa 24 ukiwa kwenye kuendelea, Orchestrator inauwekea alama ya kutelekezwa na haiurudii yenyewe. Ijumaa jioni ikifa bila mtu kuona, Jumatatu utaikuta miamala imelala hapo. Pitia alama hiyo kila asubuhi.

Hatua ya 7: Tenga kosa la kazi na kosa la mfumo

Mwanafunzi hayupo kwenye mfumo: hilo ni kosa la kazi. Ukijaribu mara mia bado hayupo. Andika IMEKATALIWA na sababu inayoeleweka na binadamu, nenda mbele. Ukurasa haukufunguka: hilo ni kosa la mfumo. Funga kivinjari, fungua upya, ingia upya, jaribu tena. Mara tatu zinatosha. Baada ya hapo andika IMEKWAMA.

Weka pia breki. Makosa matano ya mfumo yakifuatana, roboti isimame na itume ujumbe. Bila breki, mfumo ukizimwa kwa matengenezo roboti itamaliza foleni nzima kwa dakika kumi, yote IMEKWAMA.

Neno la siri likikataliwa, jaribu mara moja tu na usimame. Mifumo mingi inafunga akaunti baada ya majaribio machache, na kuifungua unamhitaji mtu wa TEHAMA ambaye siku hiyo yuko likizo.

Hatua ya 8: Vinavyobadilika vikae nje ya roboti

Anwani ya mfumo, njia ya folda, muda wa kusubiri, barua pepe ya kupokea ripoti: vyote kwenye faili moja la mipangilio. Maneno ya siri hayakai kwenye faili hilo wala ndani ya roboti. Yaweke kwenye hazina ya maneno ya siri ya Windows au ya programu yako ya RPA.

Hatua ya 9: Iandike ilichofanya, kwa kiasi

Kila muamala: saa, namba, hali, kosa. Kosa la mfumo likitokea, ipige picha ya skrini kabla ya kufunga chochote. Picha moja inaokoa nusu siku ya kubahatisha.

Ila picha hiyo ina jina la mtoto, jina la mzazi, namba ya simu na deni lake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake tangu 2019. Folda ya picha iwe na watu wachache wenye ruhusa, na picha zijifute baada ya muda mliokubaliana. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, hata kama kosa lenyewe linachekesha.

Hatua ya 10: Iachie taratibu

Siku ya kwanza miamala mitano, umekaa mbele yake. Kisha wiki mbili ikiingiza huku mhasibu akikagua. Mpe mhasibu ripoti ya kila siku anayoweza kuisoma akiwa na kikombe cha chai: miamala iliyomo kwenye taarifa ya benki, iliyokamilika, iliyokataliwa, iliyokwama, halafu jumla ya shilingi kwa kila kundi. Makundi matatu yakijumlishwa yawe sawa na taarifa ya benki hadi shilingi ya mwisho. Zikipishana kwa shilingi moja, roboti isiendelee kesho yake mpaka ijulikane kwa nini.

Ukipanga ratiba, kuwa mwangalifu na saa. Mhasibu akikuambia "ianze saa moja asubuhi", kompyuta inataka uandike 07:00. Unacheka, lakini nimeshakuta roboti inayoamka 01:00 usiku, kabla benki haijatoa taarifa, na kila siku inaripoti "hakuna malipo". Seva zilizo kwenye wingu nazo mara nyingi zinafuata UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu: 07:00 yao ni saa nne asubuhi yetu.

Ikikwama

*Kwangu inafanya kazi, kwenye seva haifanyi.* Linganisha vitu vinne: ukubwa wa skrini, lugha ya Windows, mtindo wa tarehe, toleo la kivinjari. Kisha uliza kama skrini imefungwa au dirisha la kuingilia seva kwa mbali limepunguzwa chini. Ubofyaji wa picha na wa panya halisi unahitaji skrini iliyo wazi. Badilisha utumie ubofyaji unaopitia programu yenyewe. UiPath wanauita Simulate.

*Jana ilikiona kitufe, leo haikioni.* Fungua mfumo kwa macho yako kwanza. Mara nyingi kuna kidirisha kipya mbele, tangazo la sasisho au "je, uhifadhi neno la siri?". Mfundishe mtendaji kukagua vidirisha hivyo mwanzoni mwa kila muamala. Kama hakuna kidirisha, mfumo umebadilishwa. Rekebisha selekta, na waombe wenye mfumo wakutaarifu siku nyingine.

*Faili lililopakuliwa ni tupu au halifunguki.* Umelisoma kabla halijamaliza kushuka. Chrome hulipa jina linaloishia na .crdownload mpaka likamilike. Subiri jina hilo lipotee. Na futa au hamisha faili la jana kabla ya kupakua la leo, usije ukalisoma la jana kwa furaha.

*Excel inasema faili linatumiwa na mwingine.* Kuna Excel iliyobaki imefunguka kwa siri tangu roboti ilipofia katikati ya kazi mara iliyopita. Ifunge mwanzoni mwa kazi. Lakini kama kuna mtu anayeitumia kompyuta hiyo, amri ya kufunga Excel zote itafunga na ya kwake ambayo hajahifadhi, na wewe ndiye utakayemweleza.

*Inaanza haraka, baada ya saa mbili inakokota.* Kivinjari kimejaa. Kifunge na kukifungua upya kila baada ya miamala hamsini hivi.

*Mfumo unatuma namba ya uthibitisho kwenye simu.* Usitafute ujanja wa kusoma SMS ya bosi. Omba akaunti ya huduma yenye utaratibu wake, au acha mtu aingie asubuhi na roboti ipokee kuanzia hapo.

*Jumanne hadi Ijumaa iko sawa, Jumatatu inapungua.* Hili lilinichukua wiki tatu kulipata. Ripoti ya Jumatatu ilikuwa safi, makundi yote yanajumlishika, lakini wazazi wanalalamika kwamba malipo ya Jumamosi hayaonekani. Taarifa nilikuwa naisoma kwenye ukurasa wa benki, unaoonyesha miamala 50, na Jumatatu inabeba siku tatu. Iliyozidi hamsini ilikuwa ukurasa wa pili, ambao roboti haikuwahi kuambiwa kwamba upo, na ripoti yangu ilikuwa inajilinganisha na ukurasa wa kwanza. Siku hizi mpakiaji anasoma kwanza salio la kuanzia na la kufungia yaliyoandikwa na benki, anajumlisha miamala aliyoichukua, na visipolingana haweki hata muamala mmoja kwenye foleni.